Mshale Uliorudi Polepole

Saa nane na dakika kumi na saba mchana, Jumanne moja ya mwezi wa Oktoba, mke wangu aliuza kilo ishirini za mchele bila kubishana bei.

Naijua saa hiyo kwa sababu niliinua macho kutazama saa ya ukutani, kama mtu anavyofanya akisikia kishindo. Kilichonishtua ni kimya. Mimi ni fundi mizani hapa Kahama. Meza yangu ya kazi iko nyuma ya kibanda cha mchele cha mke wangu, jirani na mashine ya kukoboa, na kwa miaka kumi na sita nimetengeneza mizani za wafanyabiashara wa nafaka na wanunuzi wa dhahabu huku sauti yake ikipita kwenye ukuta wa mbao ikipambana na wateja. Mashine ya kukoboa ina kelele nyingi, lakini mwenye mashine alikuwa akilalamika kwamba mke wangu humzuia kusikia injini yake.

Mteja wa siku ile alikuwa mama wa makamo mwenye kikapu. Aliambiwa bei ni elfu mbili na mia nne kwa kilo. Akasema, kwa kujaribu tu, kama kila mtu anavyojaribu, "Nipe kwa elfu mbili." Kisha akajikaza, akisubiri kushambuliwa.

"Haya, chukua," mke wangu akasema.

Mteja mwenyewe aliogopa. "Mama Mapacha, huu mchele una nini?"

"Hauna kitu."

"Una mawe?"

"Hauna."

"Basi wewe una nini?"

Nilitoka na bisibisi mkononi. Mke wangu alikuwa amekaa juu ya gunia, amevaa sweta la shule la mmoja wa mapacha wetu walioko bweni. Oktoba ya Kahama ni mwezi ambao mbwa hulala ndani ya mtaro wakiukumbatia udongo kukimbia joto. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema hapana, ila nimfungie dirisha, kuna baridi.

Nimesoma mpaka darasa la saba. Mengine nimejisomea kwenye vitabu vya mitumba vinavyouzwa karibu na stendi: vya umeme, vya fizikia, na kimoja kinene cha wauguzi ambacho nilikinunua hakina jalada na nimekisoma mara nne. Nina kanuni moja ya kazi. Siifungui mizani kabla ya kuandika tabia zake. Fundi anayeanza na bisibisi huharibu kizima akitafuta kibovu. Kwa hiyo jioni ile nilichukua daftari la mizani, nikafungua ukurasa mpya baada ya mizani ya kilo mia tatu ya mfanyabiashara mmoja wa Buzwagi, nikaandika juu: Mama Mapacha.

Ukurasa ulijaa haraka kuliko nilivyotegemea. Anahisi baridi. Analala kwa muda wa saa kumi na anaamka amechoka. Choo ni kigumu. Ngozi ya mikono imekauka kama ya mtu aliyeshika chokaa. Nyusi zimepungua upande wa nje, tena nilikuwa nimeliona hilo zamani nikadhani ni urembo. Anasahau: aliweka funguo ndani ya pipa la mchele, akamlaumu panya. Uso umevimba kidogo asubuhi. Na sauti imeshuka, imekwaruza. Siku hiyohiyo mteja kutoka Geita alimpigia simu, akasikia "Haloo," akasema, "Shikamoo Baba Mapacha." Mke wangu akaitikia marahaba, kwa kuwa hakuwa na nguvu za kumsahihisha.

Kila Jumapili nilimpima uzito kwenye mizani ya magunia. Hakupenda.

"Unanipima kama mpunga."

"Mpunga naupima bure. Wewe nakuandika."

"Andika basi kwamba nimekuchoka."

Alikuwa anakula nusu ya chakula chake cha zamani na bado anaongezeka, kutoka kilo sabini na moja hadi sabini na tisa. Niliihakiki mizani kwa mawe yangu ya kupimia. Mizani ilikuwa sahihi. Jambo hilo lilinitesa wiki nzima, maana kinachoingia kikiwa kidogo na kilichomo kikaongezeka, basi kuna mlango wa kutokea uliofungwa, na mimi sikujua uko wapi.

Tulianza na hospitali kama watu wote wanavyoanza, yaani kwa kupima malaria, taifodi na mkojo. Malaria hakuna. Taifodi ipo kidogo. Ukiniuliza mimi, taifodi kidogo ipo kwa kila mtu aliyewahi kupita mbele ya maabara. Alimeza dawa, hakubadilika. Tulirudia Novemba mwanzoni, tukarudia Novemba mwishoni, na kila mara ile taifodi kidogo ilikuwa ikitusubiri kama jamaa wa stendi.

Hapo ndipo shemeji yangu mkubwa, kaka yake mke wangu, alipokuja kutoka kijijini Shinyanga. Ni mfugaji, mtu mwema, na ng'ombe wangu kumi na mmoja wanalala katika zizi lake. Alimtazama dada yake kwa muda mrefu, akamsalimia, akasikia ile sauti ikimjibu, akanivuta nje.

"Shemeji, hii ni ndagu."

Ndagu, kwa asiyejua mambo ya huku kwenye dhahabu, ni dawa ya utajiri ambayo watu husema huchukua kitu cha mtu mmoja ili mwingine apate mali. Shemeji alikuwa na ushahidi. Mchimbaji mmoja alikopa mchele kwa mke wangu mwezi wa Agosti. Mwezi wa Septemba duara lake, yaani shimo lake, likatoa dhahabu. Mwezi wa Oktoba sauti ya mke wangu ikapotea.

"Sauti imepelekwa duarani," akasema. "Iko chini kule inaita dhahabu."

"Alipata gramu ngapi?"

"Wanasema arobaini."

"Sauti ya dada yako kwa gramu arobaini tu? Amepunjwa."

Hakucheka. Alikuwa ameshazungumza na mganga wa mbali, siku mbili kwa basi, na mganga alitaka thamani ya ng'ombe wanne ili aifungue sauti. Shemeji alikuwa tayari kuwauza wanne wangu mnadani. Moyoni niliona kwamba ng'ombe si hoja, hata wote kumi na mmoja ningewatoa. Hoja ni kwamba dada yake alikuwa anazama mbele ya macho yetu, kila wiki kidogo zaidi, na safari ya siku mbili kwa basi angeirudia vipi? Nikamwomba muda wa kupima kipimo ambacho kile kitabu kisicho na jalada kilikuwa kimekitaja katika ukurasa wa tezi ya shingo, ile ambayo ikivimba watu huiita goita. Mke wangu hakuwa na uvimbe, lakini kitabu kilisema uvimbe si lazima.

"Nakupa mpaka mnada wa mwisho wa Januari," shemeji akasema. "Baada ya hapo usinizuie. Ni dada yangu kabla hajawa mke wako."

Aliondoka, lakini aliniachia ulinzi. Alimleta mama mkwe wangu aje kumuuguza binti yake.

Sasa lazima nieleze heshima yetu, maana bila hiyo hutaelewa kosa lililofuata. Kwetu Wasukuma, mama mkwe na mkwe wake wa kiume huheshimiana kwa kukwepana. Simtazami usoni. Hatuli pamoja. Nikiingia uani nakohoa kwanza ili ajifunike khanga au apite upande mwingine. Na jiko akiwa ndani yake, mimi ni heri niingie zizini kwa simba. Mama mkwe wangu ni mzee wa kanuni. Akitaka kuniambia jambo na binti yake hayupo karibu, humwambia kuku. "We kuku," husema kwa sauti ya kunifikia, "mwambie mwenye nyumba kuni zimekwisha." Nami humjibu yule kuku kwamba nimesikia.

Desemba tulimpata daktari mwanamke kijana, mwenye subira. Nilimpa daftari. Alisoma kurasa nne bila kuinua kichwa.

"Nani ameandika haya?"

"Mimi."

"Wewe ni mwuguzi?"

"Fundi mizani."

Aliguna, akamwambia mke wangu apige magoti juu ya kiti, miguu ining'inie nyuma. Akachukua kinyundo cha mpira, akagonga mshipa wa kisigino. Mguu uliruka kawaida. Kisha ukarudi. Jinsi ulivyorudi! Ulirudi polepole, kwa kusitasita, kama mlango mzito unaojifunga wenyewe.

Nimeishi na mishale ya mizani maisha yangu yote. Upo mshale usioruka kabisa. Huo springi imekatika. Na upo unaoruka vizuri ukarudi kwa uvivu. Huo springi ni nzima, kinachokosekana ni mafuta, tone moja, na fundi mjinga huibomoa mizani nzima kabla ya kuliweka.

"Unarudi polepole!" nikapiga kelele. "Mama Mapacha, mshale wako unarudi polepole!"

"Anafurahi nini huyu?" mke wangu akauliza, bado yuko magotini.

"Baba, tulia," daktari akasema. "Hii ni dalili. Dalili inatuambia tutafute wapi. Jibu litatoka kwenye damu." Akaandika tupime homoni mbili, na pamoja nazo sukari na wingi wa damu, maana uchovu, alisema, una wazazi wengi.

Majibu yalitoka kesho yake alasiri. Nilikwenda peke yangu kuyachukua. Nilitakiwa nimsubiri daktari, lakini mtu aliyejisomea ana ugonjwa wake, nao ni kutosubiri. Nilikaa kwenye benchi nikasoma mstari wa kwanza. Homoni yenye herufi tatu, TSH. Mwisho wa kawaida ni nne. Mke wangu alikuwa na sitini na mbili.

Nikampigia shemeji palepale. "Imezidi! Imezidi mara kumi na tano!"

"Imezidi nini?"

"Homoni!"

"Basi apigwe chuku, anyonywe damu kwa pembe, itoke," akasema. "Hilo hata mganga wa hapa kijijini analiweza, wala si ng'ombe, ni kuku wawili."

Daktari alinisikiliza nikimweleza habari ya chuku. Alifunga mdomo kwa mkono muda kidogo, kisha akanionyesha mstari wa pili, ambao katika furaha yangu sikuufikia. Huo ndio uliokuwa wa homoni ya tezi ya shingo yenyewe, nao ulikuwa chini ya kiwango cha chini kabisa. Ile sitini na mbili haikutoka shingoni. Ilitoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, ambayo kazi yake ni kuiamrisha ile ya shingo ifanye kazi. Sukari ilikuwa nzuri, damu ya kutosha. Mlango uliofungwa ulikuwa umepatikana.

Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, nusu nikikimbia, nikitafuta namna ya kumweleza shemeji. Ujanani alivuta kamba ya kupandishia mawe kwenye duara moja karibu na Geita. Nikampigia tena.

"Shemeji, ukiwa juu ya duara, ukitikisa kamba walio chini wasijibu, unafanya nini?"

"Naita."

"Wasipojibu?"

"Naita kwa nguvu."

"Na wasipojibu kabisa?"

"Napiga kelele mpaka kijiji cha pili watoke nje."

"Basi sitini na mbili ni kelele zako. Maabara imepima kelele. Dhahabu iko mstari wa pili, na hakuna kitu."

Nilisikia ng'ombe, labda wangu, wakilia nyuma yake. "Wa chini wamekufa?"

"Wamelala."

"Mnawaamshaje?"

"Hatuwaamshi. Tunaleta dhahabu kutoka nje, kidonge kimoja kila siku, na wa juu akiiona ananyamaza."

"Kikubwa kiasi gani?"

"Kama punje ya mtama."

"Ee! Kwa ng'ombe wanne mganga anatoa chungu kizima."

Kidonge kile kilikuwa na mikrogramu mia moja. Usiku nilikaa na daftari nikashindwa kulala kwa kicheko. Mizani yangu bora, ile ninayoipeleka Kalangalala, kule Geita, kwa wanunuzi wa dhahabu imefungwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga, inasoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Dawa iliyomo ndani ya kidonge cha mke wangu ingepita juu yake bila mshale kugeuka. Nikapiga hesabu: gramu moja ya dawa ile ingemtosha siku elfu kumi. Miaka ishirini na saba! Na zile gramu arobaini za mchimbaji zingekuwa dawa, zingemtosha zaidi ya miaka elfu moja ya kugombana na wateja. Nilimwamsha nimwambie. Akasema vizuri, akalala tena.

Karatasi iliyokuja na dawa niliisoma mara tatu kwa kamusi. Kimezwe asubuhi, tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, kisha kusubiri karibu saa nzima kabla ya kula. Nikamwelekeza mke wangu. Akaitikia. Nikaandika kwenye daftari kwamba ameelekezwa.

Wiki sita zilipita. Nilimpima uzito kila Jumapili: sabini na tisa, sabini na tisa, themanini. Sweta halikutoka. Mwishoni mwa Januari tulirudi maabara, na safari hii nilimsubiri daktari kwa adabu. Sitini na mbili imekuwa hamsini na tisa.

Sijui kama msomaji amewahi kuweka mafuta kwenye mizani akaona mshale haujali. Ilikuwa Jumanne. Mnada wa mwisho wa Januari ulikuwa Alhamisi. Shemeji alikuwa ameshawatenga wale ng'ombe wanne na alinitumia ujumbe kunijulisha rangi zao.

Daktari alikuwa ameshika kalamu aongeze dozi. Akasita. "Anameza na nini?"

"Maji matupu. Kabla ya kula."

"Umeona?"

Mimi huwa siandiki uzito nisiouona. "Sijaona. Anamezea jikoni, na jikoni kuna mama mkwe."

Daktari alikuwa mtu wa mkoa mwingine. "Kwani mama mkwe anazuia kuona?"

Nikamwambia, kwetu ndiyo.

Jumatano, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, nilikuwa nimekaa juu ya debe lililopinduliwa nyuma ya jiko, nikiwa nimevua viatu. Mwanamume mwenye mvi, baba wa mapacha. Nilisikia moto ukipulizwa. Nikasikia kibuyu kikitikiswa, ule mlio mzito wa maziwa ya mgando.

"Kunywa kwanza, mwanangu," mama mkwe akasema. "Dawa ya hospitali haiingii tumbo tupu, inakula utumbo. Haya. Na kipande cha kiazi. Sasa weka kidonge ulimini. Shushia na maziwa mengine."

"Usimeze!" nikapiga kelele.

Kibuyu kilianguka. Maziwa yalipita chini ya ukuta yakafika miguuni pangu.

"Nani huyo?" mama mkwe akauliza kwa sauti ya mtu anayetafuta panga.

"Ni mimi, mama. Mkweo."

"Uko wapi?"

"Nyuma ya jiko."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu kibuyu."

Kisha mke wangu akacheka. Alikuwa hajacheka tangu Oktoba. Kicheko kilianza chini na kwa kukwaruza, kama karasha ya kusaga mawe ikiwashwa asubuhi yenye baridi, kikasita, kikashika, na mimi kule nyuma nikashikwa nacho, nikacheka huku nimekanyaga maziwa mpaka jirani akauliza kupitia ukuta kama kuna msiba.

Mama mkwe hakucheka. "We kuku," akasema. "Muulize mtu huyo maziwa yangu yana kosa gani."

Nikamweleza kuku, kwa heshima zote. Kwamba maziwa ni mema lakini hukikamata kidonge tumboni, kidonge kikapita bila kushuka, kama abiria aliyesinzia akapitishwa kituo chake. Kwamba kwa siku arobaini na mbili dawa ilikuwa ikisafiri tu. Kwamba kosa ni langu, kwa kuwa niliyapima mambo yote ya nyumba hii isipokuwa jiko.

"Arobaini na mbili?" Alimsahau kuku. "Kila siku, mimi kwa mkono wangu?"

"Hukujua, mama."

"Nipigieni huyo mwanangu."

Nilimsikia akiongea na shemeji kwa Kisukuma, kwa sauti ambayo mke wangu aliirithi. Alimwambia ng'ombe wasitoke zizini. Shemeji alisema jambo kuhusu mnada.

"Kesho ni Alhamisi tu," akajibu. "Mnada ni wa wanaouza. Mimi nimekosea kwa maziwa, nitasahihisha kwa maji, na dada yako hapandi basi mpaka nione mwezi umezunguka mara mbili." Akapumua. "Na mkwe wetu amechungulia jiko la mama mkwe wake. Hilo ni kesi nyingine. Mbuzi mmoja na doti ya kitenge."

Nilikubali kabla hajakata simu. Sijawahi kulipa faini kwa furaha ya namna ile.

Kuanzia siku ile mama mkwe alikuwa mkali kuliko karatasi ya dawa. Saa kumi na moja kamili maji na kidonge. Saa kumi na mbili, kuku akiwa ameulizwa kama muda umefika nami nimejibu, chakula. Maziwa yalihamishiwa jioni. Akija jirani na uji wa asubuhi alirudishwa nao mlangoni.

Na mimi niliandika. Wiki ya pili: ameuliza nani amefunga dirisha. Wiki ya tatu: kilo sabini na saba, amekumbuka funguo, amemwomba panya radhi. Wiki ya nne: sweta liko kwenye kamba, na ameniambia kwamba ninakoroma, jambo ambalo kumbe lilikuwa limempita miezi yote ile. Niliandika "nakoroma" nikapigia mstari mara mbili kwa raha.

Wiki ya tano, saa nne asubuhi, dalali mmoja kutoka Geita alikuja kutafuta magunia kumi. Nilikuwa nyuma ninahakiki jiwe la gramu mia mbili.

"Mama Mapacha, bei hiyo kubwa. Kalangalala wananiuzia rahisi."

Nikasubiri. Mkono wangu ulisimama hewani.

"Baba," mke wangu akasema, na sauti ilipita kwenye mbao kama zamani, ikagonga bati, "umekuja kununua mchele au kuomba sadaka? Kama Kalangalala ni rahisi, panda basi sasa hivi uende. Ukifika nipigie, nikuambie zimebaki shilingi ngapi mfukoni mwako!"

Jiwe liliniponyoka likaangukia mguuni, na sikusikia maumivu mpaka mchana. Mwenye mashine alizima injini yake ili asikie vizuri. "Amerudi!" akapiga kelele. "Wabeja, amerudi!" Wabeja ni asante yetu. Dalali alinunua magunia kumi na mawili kwa bei ya juu, nadhani kwa hofu. Nilitoka nyuma, nikasimama mbele ya mke wangu nikitabasamu kama mtu aliyelewa.

"Wewe nawe, kazi huna?" akasema.

Sikuwahi kusikia maneno matamu kuliko hayo.

Machi, maabara ikatoa tatu nukta moja. Wa juu ya duara alikuwa amenyamaza. Daktari alimpigisha magoti tena kwenye kiti, akagonga, na mguu ukaruka ukarudi mara moja, safi, kama mshale wa mizani mpya.

"Tena," nikamwomba.

"Baba, huu ni mguu wa mtu."

"Usimjali, daktari," mke wangu akasema. "Huyu akiona mshale anasahau una mwenyewe."

Daktari alituonya kwamba kidonge ni cha kila siku, pengine maisha yote, na kwamba tusimgawie mtu yeyote. Onyo lilikuja kwa wakati, maana mwenye mashine alikuwa ameniomba viwili kwa ajili ya mdogo wake mvivu. Nilimjibu akapime kwanza. Akasema mdogo wake akipimwa atakutwa na taifodi kidogo.

Jioni ile nilifunga ukurasa wa Mama Mapacha, na kila ukurasa wangu hufungwa kwa hesabu. Ng'ombe wanne ambao hawakuuzwa, kwa bei ya mnada ule, ni milioni tatu na laki nne. Nikatoa malaria, taifodi na mkojo mara tatu, elfu arobaini na tano; daktari na vipimo vya Desemba, elfu sabini; vipimo viwili vilivyofuata, elfu sabini; dawa, elfu arobaini na nane; mbuzi na kitenge, laki moja na elfu tano. Ikabaki milioni tatu na elfu sitini na mbili. Nikamsomea mke wangu.

"Umekosea," akasema bila kuangalia.

Sikosei hesabu. Nikamwambia hivyo.

"Yule mama wa Oktoba, mwenye kikapu. Kilo ishirini, nikamwachia mia nne kila kilo. Hiyo nayo ni ya ugonjwa. Toa elfu nane."

"Lakini ungeshuka mpaka elfu mbili na mia tatu. Hasara ni elfu sita."

"Nani kakwambia ningeshuka?"

Tulibishana karibu nusu saa. Mama mkwe, jikoni, alimwambia kuku kwamba watu wengine hawana usingizi. Nilishindwa, nikafuta, nikaandika upya, na ndivyo ukurasa ulivyo mpaka leo: zimeokolewa shilingi milioni tatu na elfu hamsini na nne.